Jukwaa lililotufundisha tofauti ya msumari na parafujo

Muhula wa pili mwaka jana, msichana wa Kidato cha Pili katika shule moja ya upili huku kwetu Kabuchai alikanyaga msumari jukwaani. Alikuwa akifanya mazoezi ya ngoma pamoja na wenzake, wote miguu mitupu kama ngoma yenyewe inavyotaka, na msumari ulikuwa umechomoza juu ya ubao kiasi cha nusu ya ukucha. Ulimpasua unyayo. Alipelekwa zahanati, akashonwa, akadungwa sindano ya pepopunda, na kwa majuma mawili akawa anakwenda darasani akichechemea. Jukwaa lilizungushiwa kamba siku iyo hiyo.

Ninaandika juu ya msumari huo kwa sababu mimi ni mmoja wa watu waliouweka pale. Sikushika nyundo. Lakini nilisoma katika shule hiyo, na wazazi walipochanga fedha za kukarabati jukwaa, tuliombwa baadhi yetu tuliowahi kusoma hapo tuketi katika kamati ndogo ya kupitia makadirio ya gharama. Tuliletewa karatasi moja yenye mistari sita. Mstari wa nne ulisema ‘misumari na skrubu’, na mbele yake kiasi cha fedha. Hapakuwa na urefu, wala aina, wala idadi. Mimi ambaye kazi yangu ya kila siku ni kuwasaili wanafunzi wa chuo kikuu ili waniambie neno fulani lina maana gani hasa, niliusoma mstari ule nikatia sahihi.

Jukwaa lenyewe ni la zamani. Boriti za mtarakwa zimelazwa juu ya nguzo fupi za matofali, na juu ya boriti kumepigiliwa mbao za saiprasi zenye unene wa inchi moja. Mbao hizo zilikuwa zimelika kwa miguu ya vizazi vya wanafunzi, nyingine zikilia kila zinapokanyagwa. Ushauri uliotolewa ulikuwa kwamba zisibomolewe bali ziachwe ziwe sakafu ya chini, na juu yake pawekwe plaiwudi ya milimita 12. Ushauri huo ulikuwa mzuri. Plaiwudi hutengenezwa kwa mabamba membamba ya mti yaliyobandikwa kwa gundi, nyuzi za bamba moja zikikatiza nyuzi za bamba lililo chini yake, na kwa sababu hiyo haipasuki wala haijipindi upesi kama ubao wa kawaida. Kosa letu halikuwa katika plaiwudi. Kosa lilikuwa katika kile kilichoishikilia.

Kazi ilifanywa mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, na ilipokwisha sote tulisifu. Mvua za Machi zilipoanza, sakafu ikaanza kunena. Kufikia Juni, vichwa vya misumari vilikuwa vimeinuka hapa na pale kama uyoga, na mahali mabamba mawili yalipokutana palikuwa pamefura mtu akajikwaa. Wanafunzi waliripoti. Mtu fulani alikuja na nyundo akaigongagonga misumari ikazama. Baada ya wiki tatu ilikuwa imerudi juu, na mmoja wao ndio uliompasua binti wa watu.

Agosti, shule zilipofungwa, nilimwendea mzee mmoja seremala ambaye alijifunza kazi ujanani mwake akirekebisha nyumba za mashamba makubwa pande za Kitale, zile zilizojengwa na walowezi zikiwa na sakafu za mbao zilizoinuliwa juu ya ardhi. Mafundi wengi wa rika la baadaye hapa kwetu hawakupata kuzizoea sakafu za namna hiyo, kwa kuwa nyumba zetu ni za udongo au saruji. Mzee aliingia chini ya jukwaa kwa magoti akiwa na tochi, akakaa huko muda mrefu, kisha akatoka na kuniomba tung’oe bamba moja.

“Mwalimu,” akasema, “aliyefanya hii kazi si mvivu. Amepiga vitu vingi sana. Lakini hapa hakuna hata kimoja kilicho mahali pake.”

Alinionyesha misumari ya kawaida, laini kuanzia shingoni hadi nchani. Akanionyesha parafujo nyeusi, zile za kufungia mbao za jasi za dari, nyingi zikiwa zimekatika shingo. Kichwa kimebaki ndani ya plaiwudi na mwili umebaki ndani ya ubao wa chini, wala havina habari vya kila mmoja. Kisha akachukua kijiti cha kiberiti akajaribu kukipenyeza katikati ya mabamba mawili ambayo hayakuwa yamefura. Hakikuingia. Mabamba yalikuwa yamebanwa ubavu kwa ubavu bila hata upenyo.

Naomba nieleze mambo haya matatu kama nilivyoelezwa, maana sidhani kamati yetu ilikuwa ya pekee katika ujinga wake.

Msumari laini hushika kwa msuguano tu. Unapoingia, husukuma nyuzi za mti kando, na nyuzi zile kwa kutaka kurudi mahali pake huubana. Mti ukikauka na kunywea, kubana kule hupungua; mti ukinyonya unyevu na kuvimba, kisha ukakauka tena, hupungua zaidi. Juu ya hayo, sakafu si ukuta. Kila hatua ya mtu hulikandamiza bamba likashuka kidogo, na mguu ukiondoka bamba huinuka, likiuvuta msumari pamoja nalo. Mguu mmoja hausababishi lolote. Wanafunzi 40 wanaoruka kwa mdundo mmoja, siku baada ya siku, ni jambo jingine. Kuugonga msumari ulioinuka ni kuurudisha katika tundu lile lile lililokwisha kulegea. Ipo misumari ambayo mwili wake umechongwa vijipete kama mwili wa funza, na hiyo hushika sakafu barabara, kwa kuwa nyuzi za mti hujikita katika vile vijipete. Ningekuwa na hiyo nisingeandika makala haya. Tuliitafuta Chwele duka baada ya duka hatukuipata.

Parafujo nyeusi za jasi zina kisa tofauti. Chuma chake kimetiwa moto kikawa kigumu sana, na kila fundi wa visu anajua kwamba ugumu wa namna hiyo huja na wepesi wa kukatika. Katika dari hazina tatizo, kwa sababu dari hainengui. Lakini sakafuni, ambapo bamba husogea kando kidogo kila linapokanyagwa, shingo zake huvunjika. Mafundi huzipenda kwa kuwa ni kali, huingia bila kutobolewa njia, na tangu dari za jasi zilipoenea mijini zimejaa kila duka.

Kuhusu upenyo, mzee alisema neno moja tu: “Mbao hupumua.” Acha nafasi ya milimita 3 baina ya bamba na bamba, kiasi cha unene wa msumari wa inchi tatu, na nyingine kubwa zaidi kando ya ukuta. Sakafu iliyobanwa wakati wa kiangazi itatafuta pa kwenda masika yanapofika, na haiwezi kwenda popote isipokuwa juu.

Hapo nikaanza kufikiri kama mtu wa taaluma yangu, na msomaji aniwie radhi kwa mchepuko huu.

Nilipokuwa shule ya msingi chini ya mfumo wa 8-4-4, tulikariri msamiati wa karakana: randa, tindo, patasi, jiriwa, keekee, timazi, pimamaji, msasa, tupa, parafujo. Swali la mtihani lilikuja likiwa na picha au maelezo mafupi, nasi tukatia alama. Nilipata alama zote. Hata KCPE ilipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, watoto bado walikuwa wakijiandaa kwa orodha za namna hiyo. Niliweza kukwambia kwamba parafujo ni neno lililobaki kwetu kutoka kwa Wareno, waliokaa Mombasa mpaka Ngome ya Yesu ilipowaponyoka mwaka 1698, na kwamba kwao huitwa ‘parafuso’. Niliweza kukwambia kwamba msumari ni ‘mismar’ ya Waarabu, na kwamba sisi tuliposikia ile ‘mi’ ya mwanzo tuliidhania kiambishi cha ngeli yetu, tukaupeleka msumari katika darasa moja na mti na mkono: msumari, misumari. Haya yote niliyajua siku ile nilipotia sahihi mstari wa nne.

Nilichokuwa sikijui ni vitenzi. Majina ya vifaa tuliyakariri yakiwa yamelala kama maiti katika daftari, bila vitenzi vinavyoyatia uhai. Sikiliza fundi yeyote wa Bungoma au wa Kitale anavyosema. Msumari hupigwa, hupigiliwa, na siku ya kuutoa hung’olewa. Skrubu hufungwa, na siku ya kuitoa hufunguliwa. Mwalimu wa Kiswahili ataona mara moja kilicho hapa. Funga na fungua ni jozi ya kauli ya kutendua, sawa na ziba na zibua, kunja na kunjua, panga na pangua. Pigilia haina jozi hiyo. Hakuna asemaye ‘pigilua’. Anayetaka kuutendua msumari hana kitenzi cha kumrudisha alikotoka. Itambidi achukue kitenzi cha jino na cha mti wenye mizizi: ng’oa.

Msomaji mmoja mjuzi wa kamusi ataniandikia kwamba kipo kitenzi ‘kongomea’, na kwamba kina mwenzake ‘kongomoa’. Ni kweli, na ni vizuri kwamba kipo. Lakini ‘kongomoa’ huandamana na wazo la kubomoa, kukitengua kitu vipande vipande. Hata hapo lugha haikuahidi kwamba ubao utatoka mzima.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayechagua cha kushikilia plaiwudi juu ya sakafu ya chini si bei. Ni hili: je, kuna siku tutataka kuifungua? Jukwaani jibu ni ndiyo. Chini yake kuna nyaya za umeme za taa na vipaza sauti. Chini yake, katika nchi hii ya vichuguu, kuna mchwa, na mchwa hawatangazi kuwasili kwao. Mtu akitaka kuzikagua boriti baada ya miaka mitano, sakafu ya parafujo itafunguka na kufungika tena kwa mabamba yale yale. Ya misumari itang’olewa, na plaiwudi ya milimita 12 iking’olewa huvunjika kingo. Wajenzi wa mitepe ya pwani walilijua hili kwa njia yao. Mbao za mtepe zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa chuma, na kilichoshonwa kiliweza kufumuliwa na kushonwa upya.

Nilimweleza mzee nadharia yangu tukiwa ndani ya matatu ya kwenda Chwele. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza: “Na gundi je? Si hubandikwa na kubanduliwa?” Hapo nadharia ilichechemea, nakiri. Kwa ulimi, bandika ina bandua. Lakini bamba lililotiwa gundi ya mbao halibanduki ila kwa kuichana sakafu yote. Gundi pamoja na parafujo ndiyo njia bora zaidi ya kuzima kelele za sakafu, maana huziba ile nafasi ndogo ambamo mbao husuguana. Kwa nyumba ya kuishi angetia gundi bila kusita. Kwa jukwaa letu alikataa, kwa sababu ya zile nyaya na wale mchwa.

Dukani nilipata funzo jingine. Nilimwomba kijana wa kaunta parafujo. Akanitazama. Mzee akasema ‘skrubu’, na kijana akageukia rafu. Sikuona haya kwa ajili ya neno parafujo, ambalo ni zuri na lina karne kadhaa. Niliona haya kwamba nilikuwa nimelibeba miaka yote bila kulitumia mahali linapouzwa. Katika kamusi za zamani utakuta pia ‘msumari wa hesi’, hesi zikiwa zile nyuzi zinazouzunguka mwili wake kama ngazi. Nalipenda jina hilo kuliko yote mawili, kwa kuwa linasema siri nzima: parafujo haishiki kwa kubanwa bali kwa ngazi yake kujichimbia ndani ya mti, na mti ukinywea ngazi bado imo.

Kijana akauliza, “Namba ngapi?” Hili nalo ni somo. Sote huku tumenunua mabati, na tunajua kwamba bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Namba ikipanda unene unashuka. Kwa parafujo mambo yamepinduka: namba 10 ni nene kuliko namba 8, nayo namba 8 ina unene wa milimita 4 na kitu. Nimewauliza tangu hapo walimu kadhaa, wenye shahada, na wengi walikisia kinyume. Mtu anayeagiza kwa simu akidhani anapata nyembamba ataletewa nene, itampasulia mbao.

Tulichukua aina mbili. Ya kwanza ilikuwa na urefu wa inchi mbili na nusu, kwa ajili ya kuzikaza mbao za chini katika boriti, na hii ndiyo kazi ambayo mkandarasi wa kwanza aliiruka kabisa. Sakafu inayolia chini itaendelea kulia hata ukiifunika kwa plaiwudi tatu. Mbao zinaposuguana na misumari yake ya zamani iliyolegea ndipo sauti inapotoka, nayo huzimwa huko huko. Ya pili ilikuwa ya inchi moja na nusu, namba 8, ya rangi ya manjano, yenye kichwa bapa kinachozama. Hesabu yake ni nyepesi: plaiwudi milimita 12, ubao wa chini milimita 25, jumla 37, parafujo ya inchi moja na nusu ni milimita 38, na kichwa kikizama inashika unene wote wa ubao. Ikiwa fupi zaidi inashika juu juu. Ikiwa ndefu zaidi, ncha itatokeza chini ya jukwaa ikimngoja atakayetambaa huko na tochi.

Halafu idadi. Kingoni, parafujo moja kila inchi 6. Katikati ya bamba, moja kila inchi 8 kwenda pande zote. Bamba la futi 8 kwa 4 huchukua 48 kingoni na 55 katikati, yaani 103. Jukwaa letu ni futi 24 kwa 16, mabamba 12. Zidisha, mwanafunzi: ni parafujo 1,236, bila zile za kingo zitakazokatwa ili viungo vipishane, na bila zitakazoanguka. Mstari wa nne wa karatasi yetu ungeandikwa hivyo, yeyote angeona kwamba fedha iliyotajwa mbele yake isingetosha.

Idadi hiyo ndiyo inayochagua chombo. Kwa bisibisi ya mkono, kazi ya parafujo 1,236 ni ya kuvunja viganja. Msaidizi wa mzee, kijana aliyesomea chuo cha ufundi, alikuwa na drili ya betri, na katika kola ya drili hiyo kuna pete yenye namba. Pete hiyo ndiyo akili ya chombo. Ukiiweka namba ya juu, parafujo itaendelea kuzunguka baada ya kufika, kichwa kitatoboa bamba la kwanza la plaiwudi, na plaiwudi iliyotobolewa uso haishikwi tena na chochote. Ukiiweka chini, drili huachia yenyewe kichwa kinapokuwa sawa na uso wa mbao. Kijana alijaribu kwanza kwenye kipande kilichokatwa, akapandisha namba moja moja hadi akaridhika. Umeme ulipotea siku ya pili na betri zikafa saa nne asubuhi. Mzee akatoa keekee yake ya mkono mfukoni mwa gunia, akaendelea kutoboa njia huku akipiga mluzi.

Kutoboa njia si anasa. Mtarakwa mkavu hupasuka kwa urahisi, na parafujo ya inchi mbili na nusu ikilazimishwa humo itaupasua au itakatika. Katika plaiwudi kuna sababu nyingine ambayo sikuwahi kuifikiria. Hesi zikishika bamba la juu na ubao wa chini kwa wakati mmoja wakati kuna nafasi baina yao, nafasi hiyo haitazibika kamwe, maana vyote viwili vinapanda ngazi moja kwa mwendo mmoja. Dawa yake ni kutoboa bamba la juu kwa upana wa mwili wa parafujo ili ipite bila kushika, au kumpata mtu mzito apige magoti juu ya bamba wakati inafungwa. Kwa siku tatu mimi ndiye niliyekuwa mtu huyo mzito. Shahada ya uzamifu ilipata kazi.

Jambo la mwisho la lugha. Mafundi wetu huita ‘nyota’ au ‘sta’ kila kichwa cha parafujo chenye alama ya msalaba. Misalaba hiyo ni ya aina mbili. Ule wa Phillips, ambao Mmarekani wa jina hilo alipata hataza yake mwaka 1936, una mikono minne tu. Mwingine, Pozidriv, una vijistari vinne vidogo katikati ya mikono hiyo, na ndio uliokuwa kwenye parafujo zetu za manjano. Ncha ya drili ya aina moja hukaa katika kichwa cha aina ya pili, lakini haikai vizuri. Huruka, na ikiruka mara tatu hukisaga kichwa kikawa shimo la duara ambalo haliwezi kufungwa wala kufunguliwa. Kijana alisaga vichwa tisa kabla hatujatambua. Vitu viwili vilikuwa vimepewa jina moja, nalo jina likatugharimu. Nilimwonyesha vile vijistari, naye akaanza kuita ‘nyota tupu’ na ‘nyota ya miale’. Nimeyaandika majina hayo, na ningependa kusikia kama mafundi wa Kiminini au Kimilili wanayo mengine.

Kwa mwalimu anayesoma haya, hasa anayefundisha wanafunzi wa sekondari msingi masomo ya kiufundi au Kiswahili chini ya mtaala wa umilisi, nina ombi dogo. Unapowaandikia ‘msumari’ na ‘parafujo’ ubaoni, ulizia vitenzi vyake kabla ya kwenda mbele. Walete wote wawili darasani pamoja na kipande cha ubao, mwanafunzi mmoja apigilie, mwingine afunge, kisha wabadilishane na kila mmoja atoe cha mwenzake. Watakaoshindwa kuutoa msumari bila kuuharibu ubao wataielewa kauli ya kutendua kuliko nilivyoielewa mimi katika semina za chuo kikuu.

Jukwaa lilikamilika Jumamosi ya mwisho ya likizo, isipokuwa bamba moja la nyuma, upande wa kulia, ambalo mzee alitaka likae na parafujo kumi tu, kama mlango wa kuingilia chini. Zilizosalia tulizitia katika kopo la maziwa. Aliniomba niandike juu ya kopo kilichomo, kwa kuwa kalamu ninayo. Nikaandika: ‘Parafujo (skrubu), inchi moja na nusu, namba 8, nyota ya miale.’ Akaisoma mara mbili, akaniambia niongeze za mlango wa nyuma ni kumi, asije mtu akapiga msumari.